Dhahabu ya Gitaa la Pili

Jumamosi hiyo dalali alikuwa amechoka kuliko watu aliokuwa akiwauzia. Alisimama juu ya kreti ya soda nje ya ghala moja karibu na Gikomba, sauti imemkauka, akiinua sufuria, akiinua godoro, akiinua redio isiyo na mgongo. Watu waliomzunguka walinunua kwa kutikisa kichwa tu, maana jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Vitu vyote vile vilikuwa vya wapangaji walioshindwa na kodi, na hakuna aliyependa kulifikiria sana jambo hilo.

Mbele kabisa alisimama msichana aliyevaa gauni la maua ya zambarau na sweta iliyopauka mabegani. Jina lake Waruguru. Alifanya kazi katika kibanda cha Mzee Bedan cha kutia picha kwenye fremu, pembeni mwa Majengo, na alikuwa na macho ya watu wa kazi hiyo, yanayotazama pembe kwanza, katikati baadaye.

"Hiki nacho sijui ni nini," dalali akasema. "Lakini kioo chake ni kizima."

Ilikuwa fremu ya mti mweusi, nzito, iliyochongwa majani madogo pande zote. Ndani kulikuwa na kitambaa chekundu cha mahameli, na juu ya kitambaa santuri ndogo ya rangi ya dhahabu iliyorudisha jua machoni mwa watu. Chini yake kibati cha shaba kilisema kwamba hiyo ilikuwa ya Nyamai na bendi yake, kwa mauzo makubwa ya wimbo wao.

Waruguru aliinua mkono. Upande wa kushoto mkono mwingine ukainuka. Dalali akapata nguvu mpya. Akaenda huku, akarudi kule, mpaka yule wa kushoto akashusha mkono wake polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo wa mwenyewe, na fremu ikawa ya Waruguru.

Hakufika mbali. Yule mwanamume wa kushoto alimfuata, koti la kaki la dereva begani, suruali yake ya miguu mipana, ile ambayo vijana wa mjini walikuwa wameshaiacha, ikifagia vumbi.

"Dada, samahani. Unakwenda kuifanyia nini?"

"Kuitundika."

"Wapi?"

"Ukutani. Kwani wewe hutundika vitu wapi?"

Mwanamume akacheka kidogo. Alikuwa na kicheko cha mtu asiyekitumia kila siku. Akasema anaitwa Ngui, anaendesha lori la kampuni moja ya Industrial Area, na kama dada hatamfikiria vibaya, angependa kumsaidia kubeba. Waruguru akamjibu kwamba kioo hubebwa na anayekijua. Basi wakatembea hivyo mpaka kwenye kibanda, mmoja amebeba, mwingine anawapangua watu njiani kwa mikono yake mirefu, akisema, "Pisheni, pisheni, kuna kioo." Kazi hiyo aliifanya kwa bidii kama vile amelipwa.

Tabia ya Waruguru ya kukusanya santuri hizo ilikuwa imeanzia hapo hapo kibandani. Miaka ya nyuma, wimbo ukiuza sana, kampuni ilimwita kiongozi wa bendi, ikampigia makofi, ikampa santuri iliyotiwa rangi ya dhahabu ndani ya kioo. Kisha kaseti zikaja na kuziua santuri. Wanamuziki wengine wakafa, wengine wakaokoka, wengine wakarudi nyumbani kulima, na jamaa zao wakawa wanamletea Mzee Bedan zile fremu ili awatilie picha ya harusi, au ya mtoto aliyemaliza masomo. Mzee alikuwa na kanuni moja: fremu ikiingia, kinachotoka kwanza ni jina la mtu wa kwanza. Kibati hung'olewa kabla ya kitu kingine chochote, mteja asije akakaa na jina la mtu asiyemjua. Santuri yenyewe hutupwa nyuma ya kibanda. Waruguru ndiye aliyekuwa akienda kuziokota. Vibati navyo alivitia ndani ya mkebe wa misumari.

Chumba chake katika mtaa wa Mbotela kilijaa santuri hizo mpaka majirani wakamwuliza kama anaimba. Hata kanisani, alisema, yeye huimba kwa kinywa kilichofungwa. Hakuwa na hata gramafoni. Alichopenda ni kurudi kutoka kazini, miguu inamuuma, aketi kitandani awatazame watu walioambiwa asante mbele ya wenzao, angalau mara moja.

Wiki iliyofuata Ngui alikuja kibandani na picha ya mama yake. Waruguru akaikatia kioo. Baada ya siku chache akaja na picha yake mwenyewe, amesimama mbele ya lori kama amelinunua. Kisha akaleta kalenda ya kampuni ya matairi, iliyokwisha mwaka.

"Hii nayo ni nani wako?" Waruguru akauliza.

"Niliipenda tu."

"Umependa tairi."

"Tairi ni ndugu yangu, fundi. Limenipeleka mahali pengi."

"Utamaliza picha, dereva. Halafu utaleta nini?"

"Hilo hata mimi linanikosesha usingizi," Ngui akasema, naye Mzee Bedan, aliyekuwa akipiga gundi nyuma yao, akakohoa kikohozi kirefu kisichokuwa cha ugonjwa.

Mlango wa pili kutoka hapo Jimale alikuwa na duka la kunakili kaseti, na ndiye aliyekuwa na simu. Ngui akiwa Malaba au Mombasa alikuwa akipiga huko, na Jimale hutoka mlangoni kuita kwamba dereva yuko hewani, akiyavuta maneno hayo ili jirani wote wasikie. Waruguru huenda akijifuta vumbi la mbao, akishikilia mkono wa simu kwa vidole viwili.

"Umekula nini?" Ngui humuuliza.

"Chai."

"Chai si chakula."

"Na wewe umelala wapi?"

"Nimelala kwenye usukani, fundi wangu. Nikaota nakatiwa kioo."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, ya watu waliochoka. Jumapili zikipatikana, walikaa kwenye chumba cha Mbotela, mlango wazi kwa heshima, wakala viazi, na mara nyingine Ngui alisinzia kwenye kiti katikati ya maneno, na Waruguru akamwacha alale, akashona kitambaa cha meza.

Jumapili moja Ngui hakusinzia. Alikuwa akiitazama ile fremu nyeusi tangu alipoingia. Akaanza kusimulia polepole, kama anayemzungumzia mtu mwingine. Alisema kwamba aliwahi kupiga gitaa katika bendi ya Nyamai, gitaa la pili. Wimbo ule wa msichana aliyekwenda kuchota maji akarudi ameolewa, ule uliochezwa kila baa kutoka Machakos mpaka Burma ya hapa mjini, gitaa la pili ni lake. Siku ya kupewa dhahabu walisimama nyuma wakapiga makofi. Nyamai akaibeba kwenda nayo nyumbani, na kutoka siku hiyo hakuna kijana wake hata mmoja aliyekaribishwa kwenda kuiona.

"Hata kuigusa," Ngui akasema. "Tulisema ameanza uchoyo. Bendi ikavunjika hivyo hivyo, bila ugomvi. Kisha Nyamai akafa, nami nikiwa barabarani."

Waruguru akamuuliza gitaa la pili ndilo lipi. Ngui akajaribu kumwonyesha kwa mdomo. La kwanza ndilo linaloruka juu na watu wote hulisikia. La pili liko chini yake, linarudia, linarudia. Waruguru alisikiliza kwa bidii yake yote, lakini kusema kweli hakulisikia.

"Si kitu," Ngui akasema. "Hakuna anayelisikia. Likiondolewa ndipo watu huuliza kumeharibika nini."

Waruguru alikuwa mtu wa kutazama na kungoja, na neno likimwingia lilikaa. Hili lilikaa. Alimtazama mwanamume huyu aliyepiga makofi kwa ajili ya kitu chake mwenyewe, akaona kwamba jambo hilo lina dawa, tena dawa iko mikononi mwake.

Wakati huo walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kuoana. Baba yake Ngui alikuwa marehemu, kwa hiyo wa kumsemea kwa wazazi wa Waruguru kule Murang'a angekuwa Kitonga, mzee wa kwao aliyechonga vinyago Majengo, aliyemlea mjini tangu akiwa kijana. Bila Kitonga, Ngui alisema, hawezi kutia mguu kwa watu wa mtu, ataonekana kama aliyeokotwa. Kitonga alitaka kumwona msichana kwanza. Akaomba wapike chai tu, asisumbuliwe na mengi.

Ngui hakumwambia Waruguru kwamba Kitonga ni ndugu mkubwa wa Nyamai, wala kwamba fremu ile nyeusi Kitonga ndiye aliyeichonga. Alitaka mzee aingie aione ukutani, imepanguswa, imetunzwa, ajue huyu ni msichana wa namna gani. Waruguru naye hakumwambia Ngui alichokifanya kibandani. Kila mmoja alikuwa ameweka siri ya kumfurahisha mwenzake, na siri zote mbili zilikuwa ndani ya fremu moja.

Siku ile Waruguru alivaa sketi ya marinda na blauzi nyeupe ya kola ya lesi. Vitambaa alivyoshona vilikuwa juu ya kila kitu, hata redio. Kitonga aliingia na kofia mkononi, mtu mfupi, vidole vina makovu ya patasi, akasalimia vizuri, akauliza habari za wazazi, akaisifu nyumba. Chai ikamiminwa. Kisha akainua macho.

Alisimama. Akaenda mpaka ukutani, akapitisha kidole juu ya majani ya mti mweusi, moja baada ya jingine, kama mtu anayewagusa watoto wake vichwani. Ngui alitabasamu nyuma yake. Kisha kidole kikashuka kwenye kibati.

Kibati kilikuwa kipya. Waruguru alimpelekea kazi hiyo fundi wa mjini anayechora majina kwenye vikombe vya mashindano ya mpira, na fundi aliandika vizuri sana: Ngui, kwa wimbo wake.

"Mti huu niliukata mimi," Kitonga akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilimchongea ndugu yangu, kwa mikono hii. Ngui, Nyamai alikufa lini hata uwe umeshakaa kwenye kiti chake?"

Ngui alikuwa amesimama sasa, naye anasoma. Lililomtokea moyoni wakati ule hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Alipoona jina lake chini ya dhahabu, kabla hajaona haya, alifurahi. Ilikuwa kitambo kifupi tu, lakini alijiona, na akajichukia.

"Mzee, ni mimi," Waruguru akasema. "Yeye hakujua. Nilifanya mimi."

"Mwanamke hufanya anachosikia nyumbani," Kitonga akasema, akavaa kofia yake, akatoka.

Ngui alibaki mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nilitaka upate chako."

"Hiki si changu. Umeng'oa jina la maiti, Waruguru."

"Kazini tunang'oa kila siku."

"Najua," Ngui akasema, na alisema kwa uchovu, bila hasira, jambo lililomuumiza Waruguru zaidi. "Ndiyo maana siwezi hata kukugombeza." Akamfuata mzee wake.

Chai ilibaki mezani, vikombe vimejaa. Waruguru alikaa akaitazama mpaka ikafanya utando juu.

Siku zikapita, kisha wiki. Kila alipopiga simu kutoka kwa Jimale, mtu wa stoo wa kampuni alimjibu kwamba dereva yuko safarini. Mwanzo aliuliza yuko wapi, kisha akaacha kuuliza. Jimale alimwambia asilipe zile simu, maana simu isiyojibiwa si biashara. Mzee Bedan alianza kumletea mandazi asubuhi na kuyaweka karibu na mkebe wa gundi kana kwamba yalijileta. Picha za maarusi wa watu ziliendelea kuja, wanawake waliovaa shela, wanaume waliokodisha suti, na Waruguru akawatia wote ndani ya kioo. Jioni alirudi Mbotela akalala bila kuwasha taa, ili asiione dhahabu.

Kitu kimoja kilimrudia. Siku alipoifungua fremu ile kubadilisha kibati, alikuta nyuma misumari mingi mno, imepigiliwa vibaya, msumari juu ya msumari, na gundi nyeusi pande zote za kioo. Haikuwa kazi ya Kitonga, ile ya mbele iliyokuwa safi. Wakati ule alijisemea kwamba mtu huyu alitaka isifunguliwe kamwe, akaacha hapo. Sasa akawa anajiuliza kwa nini.

Alikitafuta kibati cha zamani ndani ya mkebe wa misumari, akakipangusa kwa majivu, akakirudisha mahali pake. Akauliza huku na huku mpaka akaambiwa mjane wa Nyamai anakaa kwa dada yake, katika mtaa wa Tena. Jumapili baada ya ibada akaifunga fremu kwa leso, akaibeba kwa ubavu, akaenda.

Wayua, mjane huyo, alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha ukuta akisuka kiondo, miguu imenyooshwa mbele kama mtu ambaye hatarajii kusimama leo. Waruguru alimsalimia, akajitambulisha, akafungua leso. Akaeleza yote, mnada, Ngui, kibati, chai. Akasema amemrudishia.

"Nani alikwambia naitaka?" Wayua akauliza.

Waruguru alianza kuikunja leso, akaifungua tena.

"Watu wa kodi walipokuja kuchukua vitu vyangu, hiyo ndiyo ya kwanza niliyowaonyesha. Watu wa mume wangu sikuwaambia, wangekuja kuilia. Keti, binti yangu. Unaonekana umechoka kama mimi, na bado mdogo."

Aliendelea kusuka huku akisema, bila kuinua macho.

"Siku ile aliporudi nayo alikuwa amenunua soda. Tukaitoa kwenye kioo, tukataka kuisikiliza sisi wawili, kama watoto. Tukaiweka kwenye gramafoni. Kilichotoka si wimbo wao. Kampuni ilichukua santuri yoyote iliyobaki, ikaipaka rangi, ikabandika karatasi ya katikati. Nyamai akaizima. Akakaa kitandani na viatu vyake. Akaniambia, Wayua, vijana wangu wamepiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Wakijua, watavunjika moyo. Heri wafikiri mimi ni mchoyo. Akaipigilia misumari usiku huo huo, na kila kijana aliyetaka kuja kuiona alimkatalia. Walimchukia. Alikubali."

Mahali fulani ndani ya nyumba mtoto alilia akanyamaza.

"Ngui ndiye aliyekuwa akimpenda kuliko wote," Wayua akaongeza. "Alisema yule kijana hupiga kama mtu anayemshika mwenzake asianguke."

Waruguru akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kumwambia.

"Aliyeificha siri hiyo amelala Machakos. Mimi nimechoka kuitunza. Mwambie." Akaitazama fremu mara ya kwanza. "Lakini hicho kibati nipe. Jina lake ndicho kitu cha kweli hapo. Hayo mengine kaa nayo."

Waruguru alikitoa kibati kwa ncha ya kisu, akamwekea kwenye kiganja. Wayua akakitia ndani ya kiondo, chini ya nyuzi, akaendelea kusuka.

Jumatatu mchana Waruguru aliingia kwa Jimale na santuri mkononi, imetoka kwenye fremu yake. Jimale alikuwa bado na gramafoni moja nyuma, ya kunakilia watu wazee nyimbo zao. Waruguru akapiga simu Industrial Area. Mtu wa stoo alipoanza kusema dereva yuko safarini, Waruguru alimkata kwa upole.

"Kaka, mwambie sitasema neno. Aje asikilize tu. Halafu sitapiga tena."

Ikasikika milio ya spana, mtu akiita. Kisha pumzi ya mtu anayemjua.

Waruguru hakusema neno, kama alivyoahidi. Akamwashiria Jimale, na Jimale akateremsha sindano. Rangi ya dhahabu ilianza kubanduka papo hapo, vumbi linalong'aa likirundikana mbele ya sindano, na nyuma yake mstari mweusi ukitokea. Ilikwaruza, ikakohoa, kisha sauti ya bwana mmoja mwenye kujiamini ikatoka, naye Waruguru akausogeza mkono wa simu karibu.

"Ndugu mfugaji," sauti ikasema, "kabla ya kumwingiza ng'ombe wako kwenye josho la kupe, hakikisha kwanza amekunywa maji ya kutosha."

Jimale akafunika mdomo kwa kofia yake. Bwana yule akaendelea kueleza habari za kupe, kwa utaratibu, mpaka Ngui akaongea upande wa pili.

"Waruguru. Ni nini hiyo?"

"Ndio wimbo wenu," akasema. "Ule wa dhahabu."

Waruguru alisikia tu milio ya karakana. Kisha akasikia sauti ambayo mwanzo alidhani ni kilio, na pengine kidogo kilikuwemo, lakini kilikuwa kile kicheko chake asichokitumia kila siku, kimetoka chote kwa wakati mmoja.

Alikuja jioni hiyo hiyo kabla jua halijashuka, na mafuta ya gari mikononi, akiwa na Kitonga. Walisimama katika duka la Jimale, Mzee Bedan akaja na aproni yake, na Waruguru akawaeleza maneno ya Wayua kama alivyoyasikia, hasa yale ya uchoyo. Kisha wakaisikiliza tena. Ilipokwisha, duara jeusi lilikuwa limeenea kwenye dhahabu, na hakuna aliyelisikitikia.

Kitonga alikuwa amekaa kwenye kreti, kofia juu ya magoti.

"Nilikata mti mzuri vile," akasema hatimaye, "kwa ajili ya kupe." Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Na ndugu yangu akawa mchoyo kwa miaka yote hiyo, peke yake, bila kuniambia." Akamtazama Waruguru. "Binti, nilikusemea neno baya nyumbani kwako. Ile chai tuliyoiacha, uliimwaga?"

"Ilikuwa imepoa, mzee."

"Utupikie nyingine. Murang'a ni mbali, siwezi kwenda kusema maneno ya watu nikiwa na deni la chai." Akainuka, akatoka na Mzee Bedan, wakibishana tayari kuhusu mbao.

Jimale akaona ana kazi nyingi nyuma ya duka.

Ngui aliichukua santuri, akaigeuza. Rangi ikabaki kwenye vidole vyake, juu ya mafuta ya gari. Akasema aliyoyaficha, kwamba siku ile alipoona jina lake alifurahi, na ndiyo sababu alikimbia. Alikuwa akijikimbia mwenyewe. Waruguru akamwambia alijua. Alikuwa amemtazama usoni kabla Kitonga hajageuka.

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilingoja uniambie."

Kando ya gramafoni kulikuwa na gitaa la mtu, limeletwa kuuzwa, uzi mmoja umekatika. Ngui akalichukua, akaketi kwenye kreti ya Kitonga. Hakuimba. Alianza kitu kidogo, cha chini, kinachorudia, kinarudia, kikipungua nguvu halafu kikijishika. Waruguru aliegemea mlango. Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza alilisikia, maana sasa hakukuwa na lile jingine juu yake. Akatambua kwamba alikuwa akilijua siku zote. Ndilo alilokuwa akiimba kwa kinywa kilichofungwa akikata vioo.

Ngui akaacha kupiga.

"Fundi."

"Dereva."

"Picha zangu zimekwisha. Nimetafuta nyumba nzima. Imebaki moja tu, na haijapigwa bado."

Waruguru alimtazama, pembe kwanza, katikati baadaye.

"Ya watu wangapi?"

"Wawili."

Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya kazi yoyote.

"Fremu ninayo," akasema. "Ya mti mzuri. Lakini ni ya kina kirefu mno kwa picha. Itacheza ndani."

"Basi tutafanyaje?"

Akaichukua santuri kutoka mkononi mwake, akapuliza vumbi la dhahabu lililobaki, akaifunga ndani ya leso.

"Tutaiweka hii nyuma ya picha," akasema. "Itatushika."